"IMEINGIA" SIYO KIPIMO: Mastaa Wanauza Rimu, Breki Zilizochongwa Hazionekani Kwenye Picha

Kuna mchezo unaendelea mjini hapa na mastaa ndio makocha wake. Staa wa bongofleva anapiga picha ameegemea Subaru, miwani usoni, goti moja limekunjwa, na pembeni yake rimu za inchi 18 zinang'aa kama sufuria mpya. Chini anaandika "viatu vipya vimeingia". Laiki zinamiminika, muuza rimu anatajwa jina, na kesho yake vijana wako Gerezani wanaulizia rimu hizohizo.

Kitu kimoja tu hakipo kwenye picha. Ni kalipa ya breki, lile dubwana la chuma linalobana pedi kwenye diski, ambayo fundi ameipiga grenda nyuma ya gereji ili rimu iweze kuzunguka.

Hapo ndipo utamu wa picha unapoisha na msala unapoanza.

Watu wengi wanaamini rimu ikiwa kubwa basi breki lazima ipate nafasi. Siyo kweli. Inchi ni nusu ya stori. Nusu nyingine ni umbo la spoki kwa ndani na ofseti, ile namba inayoandikwa ET mgongoni mwa rimu. ET ikishuka rimu inasogea nje kuelekea fenda, ikipanda rimu inazama ndani. Ndiyo maana rimu ya 18 yenye spoki zilizonyooka inaweza kugonga kalipa ambayo 17 ya kiwandani, yenye spoki zilizobinukia nje, inaipita bila hata kuigusa. Na zile rimu zenye bakuli refu ambazo mastaa wanazipenda sana? Mara nyingi ndizo spoki zake zimekaa karibu zaidi na breki.

Watengenezaji wa magari wanalijua hili. Subaru Impreza STI zenye breki za Brembo za pistoni 4 mbele zilitoka kiwandani na rimu za inchi 17, na hapo siyo urembo uliopangiwa hesabu. Ni kwamba breki ilikuja kwanza, rimu ikaifuata. Mjini hapa mambo yamegeuzwa: rimu inakuja kwanza, breki inachongwa ili iifuate.

Rimu ikigoma kuingia, uchochoro ni ule ule. Wa kwanza ni grenda. Fundi anakula kona ya kalipa milimita mbili tatu, anapaka rangi nyekundu juu, kazi imeisha. Lakini kalipa haikuwekwa unene ule kwa bahati mbaya. Kila mguu ukikanyaga breki, chuma hicho ndicho kinachozuia nguvu yote isikifumue. Ukikipunguza, umepunguza kitu ambacho hakuna mtu pale gereji anaweza kukipima.

Wa pili ni spesa. Wengine wanapachika hata washa za kuokoteza. Kweli rimu inatoka nje na kalipa inapona, lakini nati sasa inashika nyuzi chache za bolti. Kanuni ya mafundi ni rahisi: nati ishike angalau urefu sawa na unene wa bolti. Bolti ya milimita 12 ishikwe milimita 12. Kwenye Toyota, ambayo nyuzi zake ni 1.5, hiyo ni mizunguko 8. Kwenye Subaru, nyuzi 1.25, ni karibu mizunguko 10. Nati ikikaza baada ya mizunguko minne, gurudumu hilo linaning'inia kwa dua. Na anayechukua nati za Toyota akazilazimisha kwenye Subaru anaharibu nyuzi zenyewe, hata kama spana inamwambia imekaza.

Halafu kuna mtego ambao hata wajanja unawapita. Kwenye gari nyingi za kawaida kalipa ni ya kuteleza: pedi zikilika, mwili wake unasogea ndani taratibu, mbali na spoki. Ukijaribisha rimu wakati pedi zimeisha, nafasi itaonekana ipo. Mwezi ujao unafunga pedi mpya na diski mpya, kalipa inarudi nje, na ile "imeingia" inageuka kuwa mlio wa chuma kwa chuma. Kijana anamlaumu aliyemuuzia pedi, kumbe kosa lilifungwa siku ya picha.

Kichekesho kikubwa ni yale makava mekundu ya plastiki yanayobandikwa juu ya breki ndogo zifanane na breki za mashindano. Nafasi yenyewe ni ya kubahatisha, halafu mtu anaijaza plastiki! Anazibia breki hewa ili aonekane ana breki.

Mashabiki watasema ni wivu. Watauliza, mbona gari ya staa haijapata shida? Haijapata kwa sababu inatoka nyumbani kwenda lokesheni na kurudi, kwenye foleni, mwendo wa kobe. Shabiki aliyeiga ana Forester moja tu. Mchana inampeleka kazini, Desemba inabeba mama, wadogo zake na magunia ya mchele kutoka Mbeya, na wakati wa kurudi Dar inashuka Kitonga nyuma ya lori. Pale breki inapata moto kwelikweli, na hakuna laiki inayosaidia kusimamisha gari. Isitoshe, staa anaweza kuwa amepewa rimu bure kwa ajili ya tangazo. Shabiki amelipa kwa kudunduliza.

Wengine watamtupia lawama fundi. Ana sehemu yake, ndiyo. Lakini fundi anayesema "hii haikai, rudisha" anaitwa mshamba, mteja anahamia gereji ya jirani yenye grenda. Nani amefanya neno "hapana" lionekane ushamba? Ni yule mwenye mafolowa anayeonyesha gari limeng'aa na kunyamaza kuhusu kilichokatwa ili ling'ae.

Dawa yake haina gharama. Rimu ijaribiwe tupu, kabla haijavalishwa tairi, maana ikishavalishwa na kukwaruzwa muuzaji harudishi. Unga wa ngano uliokandwa ubandikwe juu ya kalipa, rimu ifungwe nati zote, izungushwe kwa mkono polepole, kisha ifunguliwe. Unene wa unga uliobaki ndiyo nafasi iliyopo. Ikiwa chini ya milimita 3, iachwe, hata kama ni nzuri kiasi gani. Na vile vipande vya balansi vya kubandika vinakaa ndani ya rimu na vinakula nafasi hiyohiyo, navyo vihesabiwe. Kama pedi zimelika, zifungwe mpya kwanza ndipo vipimo vichukuliwe.

Kwa mastaa, ombi ni moja. Tangazo lijalo la rimu lije na picha mbili: ya mbele kama kawaida, na ya nyuma, rimu imefunguliwa, kalipa inaonekana nzima haijaguswa. Anayeweza kuiweka hiyo ya pili auze rimu zake kwa raha. Asiyeweza, wafuasi wake washajua kwa nini.

Wadau, nani kashachongewa breki bila kuambiwa? Funguka hapo chini, majina kaa nayo.