Njiti Si Mtu Mzima Mdogo
Dada zangu, tuache hii ya "mpe nusu kijiko, hakimdhuru." Mwaka 1959 madaktari wa Los Angeles, Marekani, walieleza jinsi njiti waliopewa kloramfenikoli, dawa ya kuua bakteria, walivyokufa kwa wingi kuliko wenzao wasiopewa. Tumbo lilivimba, ngozi ikageuka kijivu. Hakuna aliyekusudia. Ini la njiti halijakomaa kuivunja dawa, wala figo kuitoa. Dozi ya leo iliikuta ya jana bado mwilini, ikawa sumu. Yakitokea hospitali, sembuse nyumbani? Bi harusi wa leo, mzazi wa kesho: mtoto ni amana. Dawa yake aipime daktari kwa uzito wake. Mama mkwe tumheshimu, lakini kijiko chake si mizani.