Bei ya fedha imepanda, anayekatwa ni sonara

Mwanzoni mwa 2025 aunsi moja ya fedha (hii ya kufua, si ya mfukoni) ilikuwa kama dola 30 katika soko la dunia. Kufikia Oktoba mwaka huohuo ilipita dola 50. Aliyekuwa ameficha akiba sandukuni alifurahi. Sonara wa Lamu na mwambao hakufurahi.

Tupige hesabu. Kikuku cha gramu 60, kabla hata moto haujawashwa, kilitaka fedha ya kama shilingi 7,500. Kwa bei ya Oktoba ni zaidi ya 12,000. Lakini mteja aliyesimama mlangoni hana habari ya soko la dunia. Anachojua ni kwamba mwaka jana jirani yake alilipa kadhaa, naye atalipa hiyohiyo. Basi fundi hupunguza pale anapoweza, na anapoweza ni kwenye ujira wake tu. Kuyeyusha, kumimina kwenye kalibu, kuvuta waya katika kibao cha matundu, kulehemu, kupiga tupa, kusugua: siku nzima imekwenda karibu bure.

Zamani sonara hakubeba mzigo huu. Mteja mwenyewe ndiye aliyekuja na fedha, aghalabu reale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780 hata kama zilipigwa miaka mingi baadaye. Zikayeyushwa zikawa furungu, kekee au kidani cha bi harusi. Fundi alilipwa kazi yake, na bei ikipanda, faida ni ya mwenye mali. Leo fundi anunue kwanza, kisha angoje mteja. Na mteja mwenyewe tumemwachia mtalii, maana sisi arusi zetu ni dhahabu ya Dubai, hata ya kupaka tu.

Kilichowaokoa mafundi wa Lamu ni pete za vigae: kipande cha sahani ya kale ya Kichina kilichozungushiwa fedha kidogo. Ni ubunifu mzuri, tena hautaki fedha nyingi. Ila hapa Ganda niseme wazi, maana magofu ya Gede hayako mbali nasi. Gede iliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, na sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inalinda vilivyomo. Kijana asitumwe kuokota vigae huko kwa mia mbili. Sahani iliyovunjika nyumbani nayo hukatwa ikapendeza, mradi muuzaji asiiite ya kale.

Mimi naona turudi kwenye utaratibu wa mababu. Nyumba nyingi za Malindi na Mambrui zina kikuku kilichokatika au mkufu usio na ndoano. Badala ya kumuuzia mnunuzi wa mizani, mpelekee sonara akufulie kipya, umlipe kazi tu.

Upande wa serikali, Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Watoto wetu wanafundishwa ushonaji, useremala na umeme, yote heri. Ufuaji fedha umebaki siri ya familia chache, na mzee akifa bila mwana anayeutaka, vifaa huuzwa kama vyuma chakavu. Kilifi ikimlipa sonara mmoja ujira wa mwalimu kwa mwaka mmoja, afundishe vijana watano, bajeti haitatikisika. Wawakilishi wetu wa wadi waulizwe hilo kabla ya makadirio yajayo kusomwa.