KIWANJA CHA TATA RAPHAËL: WAGENI WAKIISHA KUENDA, NANI ATAFAGIA?



Watu wengi wanajua kiwanja cha Tata Raphaël cha Kinshasa juu ya jambo moja tu: tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali alimwangusha pale George Foreman, raundi ya nane. Lakini kile kiwanja kiko na historia kubwa kupita ngumi.

Kilifunguliwa mwaka 1952, mji ukiwa ungali Léopoldville, kikapewa jina la mfalme Baudouin. Tarehe 4 Januari 1959 watu waliotoka pale kutazama mupira walijiunga na wale wa Abako waliokatazwa mkutano wao. Fujo ikaanza, wengi wakafa. Mwaka uliofuata nchi ikapata uhuru. Wakati wa Mobutu kikaitwa Tarehe 20 Mei. Leo kinabeba jina la padri Raphaël de la Kethulle, aliyefundisha vijana wa ule mji masomo na michezo. Yeye Mkatoliki, sisi Waprotestanti. Lakini kazi njema haiulizi mtu anasali wapi.

Sasa neno langu. Mwaka 1994 kiwanja kikubwa zaidi, kinachoitwa leo Stade des Martyrs, kilifunguliwa, na kile cha zamani kikaachwa kuzeeka. Mwaka 1974 walikitengeneza juu ya wageni. Mwaka 2023 wakakitengeneza tena juu ya wageni, ndio michezo ya Francophonie. Tunafurahi. Lakini mtoto anayeogeshwa siku ya wageni tu, funza hawatamwacha.

Wengine watasema: feza hakuna, na huku mashariki kuko vita. Ni kweli. Lakini kujenga upya ndiko kunakula feza mingi. Kutunza kunaomba mtu wa kukata majani, mtu wa kuzibua mifereji, na sehemu ya feza ya mlangoni iwekwe kando kwa kazi hiyo. Tena wafungulie wanafunzi siku za kawaida. Kiwanja chenye vijana kila siku kiko na macho mengi ya kukilinda.

Na sisi tusicheke Kinshasa. Majani ya kiwanja chetu yanakatwa lini? Wakati inspekta anakuja! Naomba kila darasa lipate juma lake la kukitunza. Sisi wa mwaka wa sita tutaanza siku ya kwanza, na majembe yetu.

Kapita wa wanafunzi