Siku za kusubiri dawa: Hasara ya mfugaji au kinga ya soko?

MFUGAJI anapoambiwa asiuze maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano, huona kama anaambiwa atupe fedha shimoni. Ng'ombe amepona, kiwele hakina uvimbe na maziwa ni meupe. Kwa nini asubiri siku tatu au nne wakati ada ya shule inadaiwa?

Jibu limo ndani ya damu. Dawa nyingi zikiingia mwilini, sehemu yake hujishikiza kwenye protini za damu, hasa albumini, ambayo hutengenezwa na ini. Sehemu inayobaki huru ndiyo inayopenya hadi penye ugonjwa. Ndiyo pia inayochujwa na figo au kupita kwenye maziwa.

Iliyoshikwa ni sawa na mahindi yaliyo ghalani. Sehemu huru ikipungua, protini huachia nyingine kidogo kidogo. Hivyo ng'ombe anaweza kuonekana mzima huku dawa ikiendelea kutoka.

Mwili hutumia utaratibu huo huo kwa homoni zake. Kwa binadamu, takriban asilimia 98 ya homoni ya testosteroni iliyo kwenye damu imeshikwa na protini, na asilimia mbili hivi tu ndiyo iliyo huru.

Hata hivyo, dawa hazifanani. Ivamektini, dawa ya minyoo, hushikwa sana na protini na pia hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili. Oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu huchelewa hasa kwa sababu imetengenezwa itoke polepole pale ilipochomwa. Kwa hiyo siku za dawa moja haziwezi kutumika kwa nyingine.

Afya ya mnyama nayo ina uzito wake. Ng'ombe mwenye minyoo ya ini kwa muda mrefu hupungukiwa albumini. Dawa inayoshikwa sana na protini ikikosa pa kushika, sehemu huru yaweza kuongezeka, na dozi ya kawaida ikawa kali. Ndiyo sababu mnyama aliyekonda anahitaji kuonwa na mtaalamu, si kukadiriwa kwa macho.

Kwenye biashara, mambo haya si madogo. Fenilbutazoni, dawa ya maumivu ambayo karibu yote hushikwa na protini, ilipigwa marufuku nchini Marekani mwaka 2003 kwa ng'ombe wa maziwa wa miezi 20 na zaidi. Mwaka 2013 masalia yake yalikutwa nchini Uingereza katika nyama ya baadhi ya farasi waliochinjwa, wakati Ulaya ikiwa katika kashfa ya nyama ya farasi.

Kwa penisilini, kikomo cha Codex, tume ya viwango vya chakula ya FAO na WHO, ni maikrogramu nne kwa kilo ya maziwa. Maana yake, miligramu nne hivi zinatosha kulifikisha tangi la lita 1,000 kwenye kikomo. Kuchemsha hakutegemewi kuondoa masalia, na msindikaji hupata hasara nyingine pale bakteria wa kugandisha mtindi wanapouawa na dawa.

Hesabu ni rahisi. Ng'ombe wa lita 10 kwa siku akisubiriwa siku nne, mfugaji anapoteza lita 40. Maziwa hayo yakichanganywa kituoni, tangi zima laweza kukataliwa, na majirani wasio na kosa wakakosa malipo.

Tatizo ni kwamba hasara ya lita 40 humwangukia mtu mmoja, wakati faida ya soko safi ni ya wote. Ushirika unaotaka maziwa salama hauna budi kumpa mwanachama sababu ya kusema ukweli, mathalani kumfidia sehemu ya maziwa anayoyatenga, na kuwa na vipimo kituoni. Muuza dawa naye asikabidhi chupa kabla ya kumsomea mteja siku za kusubiri.

Kwa mfugaji, kinga ya kwanza ni daftari: jina la ng'ombe, jina la dawa, tarehe ya sindano ya mwisho na siku ya kurudi sokoni.