Kuhamisha mti wa bonsai mara ya kwanza



Mwezi huu tuache kidogo sombe na matomati ya lupango. Tutazungumza juu ya mti mmoja mdogo sana, ule ambao Wajapani wanauita bonsai. Najua kuko watakaosema: "Sisi tunatafuta unga wa bukari, na wewe unatuletea miti ya kuchezea!" Ngojeni kwanza.

Bonsai si aina ya mti. Ni mti wa kawaida, msonobari ao fikusi ao mwingine, unaopandwa ndani ya chungu cha chini sawa sahani. Unakatwa matawi na mizizi kidogo kidogo, na hivyo unabaki mdogo miaka yote, lakini sura yake ni ya mti mzee wa porini. Neno lenyewe ni la Kijapani: bon ni chombo cha chini, sai ni kupanda. Wajapani walijifunza kazi hiyo kwa Wachina, zamani sana.

Wangu ulitoka kwa Mchina. Alikuwa jirani yetu, fundi wa mashine, na mwaka wa 2018 mkataba wake ukaisha. Siku ya kufunga mizigo akatuletea fikusi yake, urefu wake sawa mkono toka kiko hadi vidole. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Kichina changu hakuna kabisa. Akanionyesha maji, akanionyesha jua, akaweka mkono juu ya kifua, akaenda. Nilielewa kwamba ananilomba niuchunge. Juu ya mizizi hakunionyesha kitu.

Miaka mitatu nilimwagilia. Mwaka wa tatu majani yakaanza kugeuka manjano na kuanguka. Nikimwaga maji, yanasimama juu ya udongo sawa juu ya simenti, halafu yanapita pembeni na kutoka. Mti wenyewe ulikuwa umeinuka ndani ya chungu, sawa mtu anausukuma toka chini. Mama wa nyumba akasema: "Baba, ile muti iko nakufwa. Ao uitengeneze ao uitupe."

Ndugu msomaji, ukiona alama hizo, ujue mizizi imejaa. Imezunguka ndani ya chungu mara nyingi, imekula nafasi yote, na udongo uliobaki umekuwa unga mgumu usiopitisha maji wala hewa. Mzizi nao unahitaji hewa, ukikosa, unaoza. Watu wengi wanafikiri dawa ni chungu kikubwa zaidi. Kwa bonsai sivyo. Unautoa, unakata sehemu ya mizizi, unatia udongo mpya, na mara nyingi unaurudisha mule mule ndani ya chungu chake. Mizizi midogo mipya inaota pale ulipokata, na ndiyo inayokunywa maji vizuri kuliko ile minene ya zamani.

Hapa ndipo woga unapoingia. Sisi tumezoea kwamba kukata mzizi ni kuua mti. Mimi nilikaa miezi miwili na mkasi mkononi bila kufanya kitu. Kilichonipa nguvu ni habari ya mti mmoja ambao watu wa Katanga tunapaswa kuujua.

Kule Washington, Marekani, kuko nyumba ya serikali ya kulinda bonsai. Ndani yake kuko msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kulelewa mwaka wa 1625. Ulikuwa wa jamaa ya Yamaki, wa Hiroshima. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomu lilipopasuka, mti huo ulikuwa ndani ya bustani yao, karibu kilometre 3 toka mahali pale, nyuma ya ukuta. Haukufa. Mwaka wa 1976 jamaa ile ikautoa zawadi kwa Wamarekani, na Wamarekani wenyewe hawakujua kwamba umetoka ndani ya moto ule. Walikuja kujua mwaka wa 2001, wakati wajukuu wawili wa mzee Yamaki walipokuja kuutazama. Na sisi tunajua urani ya wakati ule: sehemu kubwa ya urani ambayo Wamarekani walitengenezea mabomu yao ilichimbwa Shinkolobwe, pale karibu na Likasi. Nilipofikiri hivyo nikaona haya. Mti hauwezi kuishi ndani ya chungu karibu miaka 400 bila watu kuutoa, kuukata mizizi na kuurudisha, mzee akimwachia kijana mkasi. Na mimi naogopa fikusi ya jirani!

Basi, tuingie kazini.

Kwanza wakati. Kwao Wajapani wanahamisha miti yao mwisho wa baridi, macho ya majani yanapoanza kuvimba. Fikusi ni mti wa joto, inataka ihamishwe wakati inakua kwa nguvu. Kwetu usiiguse mwezi wa sita na wa saba, juu ya baridi ya usiku. Ngojea mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, joto liko na mvua inaanza.

Pili udongo, na hapa sikiliza vizuri. Udongo wa bonsai sharti uwe punje punje, maji yapite mbio. Wajapani wanatumia udongo wao wa punje unaoitwa akadama. Sisi tuna matofali. Twanga tofali lililochomwa vizuri, chunga kwa chungio la unga, tupa ule unga, chukua punje zinazobaki, kubwa sawa punje za mtama mpaka za mahindi. Changanya na mchanga mnene wa mto uliooshwa, na mboleo kidogo ya majani yaliyooza. Mimi nilitia tofali mikono minne, mchanga miwili, mboleo mmoja. Udongo wa kichuguu hapana: ni mzuri kwa kufanya matofali, na ndani ya chungu nao utakuwa tofali.

Na mchanga wa mabaki ya mgodi ao wa pembeni ya kiwanda, usiuchukue hata kama ni wa bure na unaonekana safi. Mnajua vile vilima vyetu vya shaba ambavyo miti haioti, kuko paka majani na maua madogo. Ni shaba na kobalti ndani ya udongo zinazofukuza mizizi ya miti. Tena vumbi yake si nzuri kwa watoto watakaokusaidia kuchunga.

Tayarisha vyote kabla ya kuugusa mti: chungu kilichooshwa, vipande vya wavu wa mfuko wa vitunguu vya kufunika matundu ya chini, kijiti chenye ncha, mkasi unaokata vizuri, beseni ya maji, kitambaa, na waya. Waya wa shaba ni mzuri. Uchome ndani ya moto wa makala mpaka uwe mwekundu, uache upoe, utalainika na kufwata mkono wako. (Wa kununua, vijana! Si ule wa nguzo za umeme.) Upitishe toka chini ndani ya matundu, ncha zibaki zinangoja juu.

Siku mbili kabla, usimwagilie sana, udongo uachie mbio. Kaa ndani ya kivuli mahali pasipo na upepo. Pitisha kisu pembeni ya chungu, shika shina chini kabisa, inua. Halafu chukua kijiti, uchane mizizi sawa unavyochana nywele za mtoto, toka nje kwenda pembeni, bila kuvuta kwa nguvu. Kazi hiyo ni ndefu. Kwangu ilichukua saa moja nzima, na nilikuta mizizi inayozunguka mara nne.

Sasa kata. Mara ya kwanza usipite sehemu moja ya tatu ya mizizi yote. Anza na ile minene inayokwenda chini moja kwa moja, na ile inayozunguka, na iliyooza, ambayo ni myeusi na laini. Ile midogo sawa nyuzi, karibu na shina, iache. Fikusi itatoa maziwa meupe. Usiyafikishe machoni, ukamaliza unawe mikono. Mizizi isikauke hata dakika kumi: iloweshe, ao uifunike kitambaa chenye maji.

Weka udongo kidogo, katikati uwe kama kilima, kalisha mti juu yake, uuzungushe kidogo ukae. Funga mizizi kwa waya, usiyumbe. Watu wanaruka jambo hili, lakini mti unaoyumba unavunja kila siku mizizi mipya inayotaka kuota. Jaza udongo, uusukume kwa kijiti kati ya mizizi, pasibaki pango. Usisindilie kwa ngumi. Mwagilia polepole mpaka maji yanayotoka chini ni safi.

Na mimi nilikosea wapi? Mizizi ilipokuwa wazi, wakaja kuniita: kuko matanga ku nyumba ya pili. Nikauacha mti juu ya meza, nje, bila kuufunika, nikisema narudi sasa hivi. Nilirudi jua limeuzunguka. Tawi kubwa la upande wa kushoto, lile lililoufanya uwe mzuri, lilikauka lote ndani ya wiki mbili. Mengine yalipona. Mama hakusema kitu, alilitazama tu.

Kisha kuhamisha, uweke kivulini chenye mwangaza wiki tatu ao ine. Mboleo usitie mbele ya mwezi mmoja na nusu, juu mizizi iliyokatwa inaungua. Maji, gusa udongo kwanza: ukiwa bado na maji, ngojea. Majani machache yakianguka usishituke. Usiuinue kila asubuhi kutazama kama umeshika. Vijana wangu niliwakamata mara mbili. Majani mapya yakitokea, usogeze polepole kwenye jua la asubuhi. Fikusi changa itataka tena kisha miaka miwili ao mitatu; mti mzee unangoja zaidi. Utazame mizizi, usitazame kalenda.

Waya wa kufungia mizizi uuache mpaka mwisho wa mvua. Wangu niliukata mwezi wa ine, mwaka wa 2022. Nikausukuma mti kwa kidole kimoja, haukuyumba. Upande wa kushoto, chini ya tawi lililokufa, kulikuwa jicho moja la kijani.