Zamu ya Uwanja ni ya Nani?



Safari hii tunataka kusema juu ya gofu. Wako watakaocheka. Gitega hakuna uwanja wa gofu, Muyinga hakuna, na mtu aliyetoka kupakia magunia ya kahawa kutwa nzima hana hamu ya kufuata kampira keupe majanini kwa saa nne. Hata hivyo katika mchezo huu wa mabwana yametokea mambo yanayotuhusu sisi tunaogombania kiwanja kimoja cha mpira jioni baada ya kazi. Tuvumiliane kidogo.

Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18, na mchezaji huyazunguka yote kwa miguu, akipiga mpira kwa fimbo mpaka uingie shimoni. Watu huenda kwa makundi, wanne kwa wingi wao, na kundi la nyuma haliruhusiwi kuanza mpaka la mbele lisogee. Basi piga hesabu. Kundi likianza kila baada ya dakika 10, kwa saa 10 za mchana yatakuwa makundi 60, yaani watu 240 tu, hata kama mji una watu laki moja. Kwa hiyo kinachogombaniwa huko ni saa ya kuanza. Mwenye kuigawa saa hiyo ndiye mwenye uwanja, bila kujali kibao cha langoni kimeandikwa nini.

Katika Afrika Mashariki mchezo huu uliletwa na wakoloni. Entebbe walianza mwaka 1901, Nairobi 1906, na wenye mashamba ya chai wakatengeneza viwanja vyao katikati ya majani ya chai, kama vile Kericho na Nandi Hills. Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba mkoba wa fimbo za mtu mwingine. Wabebaji hao Wakenya huwaita makedi, na ni wafanyakazi wenzetu, ingawa mara nyingi hawana mkataba wala mshahara wa mwezi: mgeni akija wanakula, mvua ikinyesha wanalala na njaa. Kutoka kwao wametokea mabingwa. Dismas Indiza wa Mumias, kwenye kiwanda cha sukari, alianza kwa kubeba mikoba kabla ya kuwa mmoja wa wachezaji wa kulipwa wanaojulikana sana Kenya. Jina lake twalitaja kwa furaha, lakini kwa Indiza mmoja wako mamia waliozeeka na mkamba wa mkoba begani.

Viwanja hivyo vya zamani vilikuwa vya klabu. Mwanachama aliingia, asiye mwanachama alikaa nje, na mambo yakaisha. Lakini dunia inavyo pia viwanja vya gofu vilivyo mali ya umma, na baadhi yake ni vizuri kuliko vya matajiri. Hapo ndipo pana mafundisho.

Mji wa St Andrews, huko Scotland, una uwanja mkongwe ambao wachezaji wa dunia nzima huota kuukanyaga. Ardhi ile ni ya watu wa mji tangu zamani za kale. Mwaka 1797 halmashauri ya mji, ikiwa imefilisika, iliitoa kwa wafanya biashara, nao wakafuga sungura humo. Sungura wakachimba mashimo yao, mengi kuliko 18! Wenyeji wakapigana mahakamani na hata kwa mikono kwa miaka mingi, na mwaka 1894 mji ukainunua tena kwa sheria ya bunge. Leo nafasi nyingi za kila siku hutolewa kwa kura. Unaandikisha jina siku mbili kabla, kura inapigwa, majina yanatangazwa. Aliyekuja peke yake alikuwa akilala nje ya ofisi usiku kucha ili awahi foleni. Tangu mwaka 2024 naye huingizwa katika kura.

Bei ni habari nyingine. Mgeni hulipa zaidi ya pauni 300 kwa mchezo mmoja, ambazo kwa bei ya benki ni zaidi ya faranga milioni moja za Burundi. Mchuma chai ahesabu mwenyewe ni miezi mingapi. Mkazi wa mji, lakini, hulipa ada ya mwaka mzima isiyopishana sana na hiyo anayolipa mgeni mara moja. Tena kuna jambo lililotupendeza kuliko yote: Jumapili uwanja ule haupigwi gofu, isipokuwa kwa mashindano machache makubwa. Siku hiyo mama hutembea na watoto wake juu ya majani yaleyale ambayo tajiri wa Marekani ameyalipia mamia ya pauni Jumamosi.

Na Marekani kwenyewe, nje kidogo ya jiji la New York, uko uwanja wa Bethpage, mali ya jimbo. Ulijengwa wakati wa njaa kubwa ya kazi ya miaka ya 1930, na waliouchimba ni watu wasio na ajira walioandikwa na serikali. Uwanja wake mgumu kuliko yote, uitwao Mweusi, ulifunguliwa mwaka 1936. Umepokea mashindano makubwa ya taifa mwaka 2002 na 2009, na mwaka 2025 Ulaya na Marekani zilishindana hapo. Hata hivyo fundi wa magari anaweza kucheza palepale. Mkazi wa jimbo hulipa bei ndogo kuliko mgeni na huruhusiwa kuweka zamu mapema kumshinda. Asiyepata kwa simu huja na gari jioni, akalala ndani yake, akangoja alfajiri. Magari hupangwa kwa namba, hakuna wa kumruka mwenzake. Ni taabu, ndiyo, lakini taabu hiyo ni moja kwa bwana na kwa kibarua.

Sasa sikilizeni la Los Angeles. Huko pia jiji lina viwanja vyake vya bei nafuu, na zamu huwekwa kwa simu na kompyuta. Wachezaji wakashangaa: nafasi zikifunguliwa, zinakwisha kwa nukta chache. Mwaka 2024 ikafichuka kwamba walanguzi walikuwa wakizinyakua nyingi na kuziuza kwa siri kwa bei ya juu. Jiji likaamuru kila anayeweka zamu atoe dola 10 zisizorudishwa. Sisi tuliokesha kwenye foleni ya mafuta ya gari na kuona sukari ikitoka mlango wa nyuma, hatuhitaji kufundishwa habari za mlanguzi. Aliyeshinda hapo ni mwenye kujua mlango wa nyuma, ingawa bei ya serikali ilikuwa imebandikwa ukutani kwa wote kuisoma.

Je, tudai gofu Gitega, kwa kuwa tangu mwaka 2019 ndio makao makuu ya siasa? Kwa maoni yetu, hapana. Uwanja wa mashimo 18 humeza hekta 50 au 60, na katika nchi yetu kaya nyingi za wakulima hulima nusu hekta au chini yake. Mchezo mmoja ungekaa juu ya mashamba ya kaya zaidi ya mia. Wakati mji unapanuka na viwanja vinapimwa, anayekuja na ramani ya namna hiyo aulizwe kwanza mihogo na maharagwe ya watu yataota wapi.

Lakini viwanja vya mpira tunavyo, vya mji na vya viwanda, Gitega na Muyinga pia. Navyo vina saa chache za mwanga, kuanzia kazi inapokwisha mpaka jua linapozama, saa moja na kitu. Saa hiyo hupewa nani? Mara nyingi mwenye ufunguo humpa rafiki wa meneja, au timu yenye jezi mpya, na vijana wa Kobero walioshusha mizigo ya malori tangu asubuhi huambiwa waje kesho. Wanawake wa kuchambua kahawa hawaulizwi kabisa kama wanataka kucheza.

Katika mkutano ujao wa tawi, wajumbe waulize mambo mawili tu. Ufunguo unakaa kwa nani, na daftari la zamu liko wapi? Kama daftari hakuna, linunuliwe la kurasa 96, litundikwe kwa kamba langoni ambapo kila mtu aweza kulisoma, na penye timu nyingi kuliko saa, kura ipigwe mbele ya watu kila Ijumaa. Jumapili kiwanja kisiandikwe mtu.