Mama Nadi ni Wetu, Mwigizaji Je?

Leo naomba radhi mapema, maana nitawagusa wengi, na mimi mwenyewe nimo.

Jumapili moja, katika ukumbi wa parokia hapa Bunia, vijana walicheza teatri. Alikuwapo binti aliyeshika nafasi ya mama mwenye nganda, yaani baa. Alikaza kikwembe kiunoni, akalamba kidole gumba, akahesabu franka za mteja huku amempa mgongo nusu, ili yule asione ni ngapi zimebaki mkononi. Hapo hakusema neno. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kwa kuwa kila mtu alimtambua mama huyo: kwa mmoja ni jirani, kwa mwingine shangazi, kwa wa tatu ndiye anayemdai. Nimeona michezo mingi hapa mjini, lakini kidole gumba kile sijakisahau.

Je, alisifiwaje? Jumatatu sokoni wauza samaki walimwita “mama nganda”. Wazee wakatikisa kichwa: “Mtoto huyu anayajua mno mambo hayo.” Mama yake akamtoa kundini, asije mchumba akasikia. Nami niliyekaa safu ya tatu na kucheka mpaka machozi, nilinyamaza.

Sasa tazameni. Mwandishi Mmarekani, Lynn Nottage, alikwenda Uganda mwaka 2004 pamoja na mwongozaji Kate Whoriskey, wakawasikiliza wanawake waliokimbia vita vya Kongo. Masimulizi hayo yakazaa Ruined, mchezo unaotukia katika mji mdogo wa machimbo ndani ya msitu wetu wa Ituri. Ulionyeshwa kwanza Chicago mwaka 2008, ukafika New York 2009, na mwaka huohuo ukapata tuzo ya Pulitzer. Na mhusika wake mkuu ni nani? Ni mama mwenye nganda! Anaitwa Mama Nadi. Leo anawauzia bia askari wa serikali, kesho waasi, na mteja haketi kunywa mpaka aache risasi zake.

Wa kwanza kumwigiza alikuwa Saidah Arrika Ekulona, na kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Obie. Si nafasi ya mtu wa sauti moja. Kwa Christian, mchuuzi anayempenda, Mama Nadi ana kejeli. Kwa kamanda ana kicheko cha biashara, kinachozimika kamanda akigeuka. Kwa Salima, mwanamke aliyeolewa na mkulima kisha akashikwa na askari kwa miezi mitano, ana ukali wa mtu anayeiogopa huruma, kwani huruma itamfungia duka. Ni wanawake watatu au wanne ndani ya kikwembe kimoja, na mtazamaji lazima aamini kwamba ni yuleyule. Ekulona alikuwa ameshaufanyia kazi uwezo huo. Katika Fabulation ya Nottage huyohuyo, mwaka 2004, na katika Well, iliyofika Broadway mwaka 2006, alikuwa miongoni mwa waigizaji wanaobadilika kuwa watu kadhaa katika usiku mmoja.

Sisemi kwamba mchezo wenyewe hauna doa. Mwisho wake ni laini mno kwangu. Mama Nadi anakiri kwamba vita vilimjeruhi naye mwilini, kisha anakubali kucheza dansi na Christian. Sisi tuliopitia vita vya miaka ya 1999 hadi 2003 katika mji huu hatuponi upesi namna hiyo. Hapo mwigizaji ndiye wa kumwokoa mwandishi. Mabega yakikataa kwanza, mkono ukija kwa kuchelewa, nitasadiki. Akiukimbilia muziki, nitachukua kofia yangu niende nyumbani.

Mtaniambia hayo ni ya Wamarekani. Basi tuvuke Ziwa Albert tu. Rose Mbowa wa Uganda, aliyezaliwa 1943 na kufariki 1999, alikuwa mwigizaji, mwandishi wa michezo, na mkuu wa idara ya muziki, ngoma na maigizo pale Makerere. Kampala ilimwona, kwa Kiganda, akiwa Mama Nalukalala, yaani yule mama mchuuzi wa Bertolt Brecht anayefuata majeshi na mkokoteni wake, akichuma kwenye vita huku vita vikimla watoto. Ni mchezo huohuo wa Brecht ambao Nottage alianzia kuufikiria kabla hajauweka kando na kuandika wake. Mwalimu wa chuo kikuu akawa mama wa mkokoteni usiku, na asubuhi alibaki mwalimu.

Kwa nini basi binti wa Bunia asibaki binti wa watu baada ya pazia kufungwa? Aliyeigiza Yuda wakati wa Pasaka hatumdai vipande thelathini. Kijana aliyeigiza mwizi anakaribishwa chakula jioni ileile. Msichana peke yake ndiye anayerudishwa nyumbani na dhambi za mhusika wake. Huo ni uonevu, tena tunaufanya tukiwa tumekwisha kufaidi kicheko chetu.

Wengine hujificha nyuma ya mgema na tembo lake, kwamba ukimsifu atalitia maji. Lakini wanaomharibu mgema ni wale wanaosifu bila kuonja. Aliyeonja husema tembo limechacha au halijachacha. Binti yule alikuwa na kosa: sauti yake ilizama kila mwisho wa sentensi, watu wa nyuma wakawa wanaulizana, “Amesema nini?” Hakuna aliyemwambia. Wala hakuna aliyemwambia habari ya kidole gumba. Tulimwachia jina la utani tu, halafu tunashangaa kwamba mwanamke wa Ituri anachezwa vizuri zaidi Chicago kuliko kwetu.

Wazazi, wachungaji, ndugu zangu wa redio, nawasihi: mkitoka ukumbini, semeni mlichoona. Semeni mkono ulifanya nini, sauti iliishia wapi, ni wapi mlisahau kwamba ni mchezo. Ya mchumba mwachieni mwenyewe.

Kundi lile bado linatafuta mtu wa kushika nafasi ya mwenye nganda. Mama yake binti, ukisomewa haya, nakuomba mruhusu arudi.